Toleo la Nne

Maktaba yangu haina rafu wala vumbi,
haina kitabu hata kimoja.
Ni mistari elfu sita ya msimbo
ambayo simu za watu huibeba bila kujua,
kama mtu anavyobeba wengu lake.

Kazi yake ni kupiga hodi.
Simu inataka kujua nyumba ya ziwani ina joto kiasi gani,
maktaba inakwenda mlangoni kwa seva:
Hodi.
Nani?
Mimi.
Mimi nani?

Kwa miaka saba jibu lilikuwa jina na nywila,
vimeandikwa peupe kwenye faili lisilo na kufuli,
na kila hodi tulivimwaga vyote kizingitini.
Niliandika hivyo mwenyewe, hapa Oulu,
majira ya baridi ambayo mwanangu alikuwa anaota meno
nami nilitaka kitu kifanye kazi kabla hajaamka.
Kilifanya kazi.
Ndiyo maana hakuna aliyekigusa.

Toleo la nne linafuta hayo.
Maktaba haitashika tena siri ya mtu.
Mtu atafungua kivinjari, ajitambulishe mwenyewe
kwa kidole au kwa uso,
na simu itapewa tokeni.
Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya jembe;
mimi nimempa dakika sitini.

Nilifuta mistari mia nne na kumi na mbili.
Jorma-Pekka akaipitia kazi, akaandika neno moja:
Hatimaye.
Tukaenda kunywa supu ya samaki.

Siku ya tisa ikaja barua.
Kyllikki, wa Suomussalmi, anaomba radhi kunisumbua;
jina langu amelikuta chini kabisa ya programu,
ukurasa wa leseni, usiosomwa na mtu.
Anatumia simu ya mumewe kuwasha joto la nyumba ya ziwani
mabomba yasipasuke kwa barafu.
Taisto alifariki Machi, mwaka juzi.
Kila asubuhi programu husema:
Habari za asubuhi, Taisto. Ndani ni nyuzi tano.
Jana haikusema hivyo.
Jana iliuliza: Wewe nani?

Nywila ya Taisto ilikuwemo kwenye faili
hadi simu ilipojisasisha usiku,
na msimbo wangu nadhifu, uliopimwa kwa majaribio mia tatu,
ukaifuta bila kuisoma.
Hakuna jaribio nililoliita
mtumiaji amekufa.

Kwa seva alikuwa hai.
Kila robo saa, karibu miaka miwili, alipiga hodi.
Nani? Taisto. Karibu.
Seva haijui sauti, inajua neno.

"Hilo ndilo tundu tuliloliziba," akasema Jorma-Pekka,
na alisema kweli:
mwizi naye angepita hapohapo,
naye angetakiwa habari za asubuhi.

Nikampigia simu.
Nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
akaendesha gari kilomita arobaini hadi ziwani,
akasimama mbele ya sanduku la ukutani
akanisomea tarakimu kumi na mbili
kama mwalimu anayeita mahudhurio.
Tukafungua akaunti mpya. Kidole chake kilikataliwa mara tatu
kwa ubaridi; akakipulizia, kikakubaliwa.

Nikamwambia, kwa kuwa nilikuwa sijalala:
jina la kwenye salamu si sehemu ya mlango.
Seva hailikagui. Unaweza kuandika Taisto,
nayo itaendelea kumwita.

Nikasikia mluzi wa upepo, na friji, au pumzi yake.

"Taisto," akasema, "hakuwahi kuamka kabla ya saa nne.
Salamu hizo zilikuwa zinanipata mimi
tangu tulipoinunua."

Akaandika jina lake, polepole,
akikosea k moja, akirudi nyuma.
Ndani, akanisomea, ni nyuzi moja.
Kisha akakata simu,
maana kulikuwa na theluji ya kufagia mlangoni.